Naomba ushauri: Morogoro hadi Kyela kwa baiskeli, peke yangu, kupitia Njombe na Kitulo

Kibirizi wa Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, leo naomba mnishike mkono.

Likizo yangu inaanza katikati ya Juni na nimedhamiria kutoka Morogoro hadi Kyela kwa baiskeli, mwenyewe. Njia niliyoipanga: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako. Pale Makambako naachana na barabara ya Mbeya, nakunja kushoto kwenda Njombe, kisha Makete, napanda Kitulo, natokea Isyonje, ndipo niteremke Tukuyu mpaka Kyela nikaoge ziwani.

Baiskeli ni ya mtumba, fremu ya chuma, tairi inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Nina miaka 43. Kazini naenda kwa baiskeli kila siku, na Jumamosi napiga hadi Mzumbe na kurudi bila shida.

Yanayoninyima usingizi: Kitonga, niipande au nipakie baiskeli kwenye gari? Kupita Makete na Kitulo ni busara, au nishike tu lami ya Chimala kama watu wengine? Na mzigo, nibebe nini niache nini? Shemeji yenu amekubali kwa sharti la simu kila jioni, na nasikia huko juu mtandao ni wa kubahatisha.

Natanguliza shukrani.

Chapa Lapa

Mkuu, mabasi yamegoma? Asubuhi unapanda Msamvu, usiku unalala Mbeya na miguu yako yote miwili. Haya, tuseme ni mazoezi. Mazoezi gani hayo yanayohitaji mkoa wa Njombe mzima?

Tingo Mstaafu

Chapa Lapa, mwache mwenzio.

Kibirizi, mimi nimeshika semi barabara ya Dar–Tunduma kwa miaka mingi, kwa hiyo Kitonga nitakueleza kama inavyoonekana ukiwa kwenye kiti cha dereva. Nikiwa napanda na mzigo nakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Hapo wewe na baiskeli yako hamnisumbui, nawaona na nawapa nafasi. Wa kuogopa ni basi lililo nyuma yangu, limechoka kusubiri. Linachomoka linipite, linakutana na gari kwenye kona, linarudi kushoto kwa nguvu, na kushoto ndiko uliko. Upande mmoja ukuta wa mwamba, mwingine korongo. Hakuna pa kukimbilia. Bado sijakutajia lori linaloteremka breki zikiwa zimeshachemka. Ile harufu ukiinusa ujue kuna mtu huko juu anaomba Mungu.

Kingine, utawaona vijana wameshika nyuma ya tela wanavutwa. Usithubutu. Kioo hakiwaonyeshi, na dereva akichelewa kuingiza gia lori linarudi nyuma kidogo kabla ya kushika. Hicho "kidogo" cha semi ndicho kinachoua.

Pakia, mkuu. Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu, asubuhi Fuso hazikosekani. Zungumza na dereva mwenyewe, kubalianeni bei kabla baiskeli haijapanda juu, ukashukie Ilula kwenye nyanya. Kutoka hapo Iringa unafika kwa pedeli zako.

Na Mikumi vilevile. Barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo hamsini, na tembo akisimama kwenye lami hata sisi wenye semi tunazima tunasubiri. Usiku ndiyo kabisa. Panda basi kutoka Morogoro hadi Mikumi mjini, baiskeli iingie kwenye buti, toa tairi la mbele.

Mwinuko Tu

Sasa Mikumi basi, Kitonga Fuso, hapo amebakiza nini? Ukipakia usije humu kutuambia umeendesha Morogoro–Kyela. Sema umeendesha Ilula–Kyela.

Binti Njombe

Kamwene nyote.

Mwinuko Tu, akisema Ilula–Kyela hajapungukiwa na kitu, maana milima yenyewe iko huko mbele. Wengi wanadhani Kitonga ndiyo safari nzima kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye dirisha la basi. Mimi ninaishi Njombe na Makete nimekwenda kwa baiskeli, ngoja nimwambie kaka yetu kinachomsubiri.

Iringa hadi Makambako hutapata shida kubwa. Ni mabonde ya kupanda na kushuka, halafu baada ya Mafinga unaingia kwenye misonobari ya Sao Hill, hewa safi, kivuli cha kutosha. Shida ya kipande hicho ni malori tu. Ukishakunja Makambako magari yanapungua, na hadi Njombe ni kilomita kama sitini, lami, unapanda taratibu bila kujua. Njombe ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Utagundua usiku.

Hapo ndipo watu wa Moro mnapokosea. Mnasikia kiangazi mnadhani joto. Kwetu Juni na Julai ndiyo baridi yenyewe, na kuna asubuhi unaamka sakitu, yaani umande ulioganda, imelala juu ya majani ya viazi. Usije na koti la mvua na fulana mbili. Soko la mtumba Njombe limejaa makoti mazito na glovu, nunua hapahapa, mzigo wa kutoka nao Morogoro wa nini? Halafu chukua magazeti ya zamani mawili matatu. Ukimaliza kupanda umelowa jasho, kabla ya kuteremka unaingiza gazeti kifuani chini ya koti. Upepo wa mteremko ukikukuta na fulana mbichi, utafika bondeni vidole havikunji na breki utazishika kwa viganja.

Njombe hadi Makete ni lami, kilomita mia na ushee, lakini usiangalie kilomita. Barabara inashuka hadi mtoni halafu inapanda ng'ambo, inashuka tena, inapanda tena. Unaona kijiji mbele yako, unaweza kuhesabu mabati yake, na bado una saa nzima kukifikia. Usijilazimishe kumaliza siku moja. Lala Tandala, kuna gesti za kawaida na chakula, na Ikonda iko jirani, ina hospitali kubwa inayofuatwa na watu kutoka mbali. Siombei uihitaji.

Baada ya Makete, kuelekea Kitulo, tegemea changarawe na mavumbi. Tambarare ya juu ni kama mita 2,600, nyasi tupu, miti hakuna, upepo unakupiga kutoka upande autakao. Utahema zaidi ya kawaida, ni urefu tu, punguza mwendo. Na nikuambie mapema usije kulaumu mtu: yale maua yanayofanya watu waiite Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Juni utakuta majani yamekauka rangi ya simba. Ukitaka maua njoo Februari, ila jiandae kubeba baiskeli begani kwenye tope. Mimi ningechagua Juni.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na ofisi zake ziko Matamba, kwa hiyo wasiliana nao kabla, usitokee tu na hema. Na ukiwa kule mtu akikwambia kuna njia ya mkato ya Matamba–Chimala, ujue anakutuma Hamsini na Saba. Zile ni kona 57 za kushuka ukingo wa mlima hadi barabara kuu. Mandhari yake sitakudanganya, hayana mfano. Lakini ni mawe, na ukiwa na breki za kuunga usijaribu.

Kibirizi wa Moro

Dada Binti Njombe, asante sana, nimeisoma mara mbili na kumsomea mwenye sharti lake. Hiyo ya magazeti imemfurahisha, hiyo ya hospitali haikumfurahisha.

Breki zangu ni zile za kubana ringi. Zinatosha?

Fundi Gololi

Zinatosha kama zimefungwa na mtu anayejua. Badilisha raba zote nne kabla ya safari, na nyingine nne tia mfukoni, kwa sababu vumbi lenye maji linazila raba kama sandpepa. Mteremko mrefu usibane mfululizo. Bana kwa nguvu, punguza mwendo, achia, ringi ipoe, bana tena. Ukibana mfululizo na mzigo, ringi inachemka mpaka tyubu inapasuka, na inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Isyonje iko juu ya mita 2,000 na Kyela ni kama 500. Simama njiani, gusa ringi kwa kidole. Ikikuunguza, kaa chini unywe chai, Tukuyu haikosi chai.

Sasa gia. Watu wanaangalia idadi, "nina gia 21". Idadi haipandishi mlima. Hesabu meno. Baiskeli nyingi za mtumba za aina yako gia ndogo ya mbele ina meno 28, na kubwa ya nyuma 28 pia. Maana yake ukizungusha pedeli mara moja, tairi linazunguka mara moja, na kwa tairi la inchi 26 umesogea mita mbili na kidogo. Kwa mtu mtupu sawa. Ukiwa na mzigo kwenye milima ya Makete, utashuka usukume. Tafuta friwili, ile seti ya meno ya gurudumu la nyuma, ambayo gia yake kubwa ina meno 34, fundi wa mjini anazo, inafungwa kwenye habu ileile, yaani kitovu cha gurudumu. Hapo mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka kama mita moja na sentimita 70. Unakwenda polepole, kilomita sita kwa saa, ila umekaa, magoti hayalii. Mnyororo mpya uende na friwili mpya, la sivyo utaruka meno. Na mwambie fundi aangalie kama mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo, unafika meno 34, mifupi inagoma.

Inchi 26 umechagua vizuri, tairi na tyubu utazipata mpaka madukani vijijini. Wanaokuja na magurudumu yale makubwa membamba ya mashindano wakipasua tairi Makete wanaagiza Dar. Bebea spoku chache za urefu wako, zifunge kwa tepu kwenye fremu. Upande wa nyuma wenye friwili ndio unaokatika kwanza, na spoku moja ikikatika usiseme nitatengeneza kesho. Zilizobaki zinabeba mzigo wake, zinafuatana.

Mzigo uweke chini, pande mbili za keria, sawa kwa sawa. Begi mgongoni hapana.

Mwinuko Tu

Hapo kwenye meno Fundi kaua. Mimi nilikuwa na 28 kwa 28, nikisukuma nilidhani ni umri.

Sista wa Zamu

Naongeza dogo, mimi ni muuguzi. Kwenye baridi mtu hasikii kiu, kwa hiyo hanywi, halafu jioni kichwa kinapasuka anasema ni malaria. Kunywa hata kama hutaki, na pakiti chache za ORS ziwepo. Ganzi ya vidole vidogo viwili ni usukani unakandamiza mshipa wa kiganja, badilisha mshiko kila mara. Ukifika Kyela, chandarua. Umetoka juu kwenye baridi unasahau kwamba kule chini mbu wapo wa kutosha.

Kibirizi wa Moro

Nashukuru mno wote. Nimeamua: Mikumi basi, Kitonga Fuso, na Mwinuko Tu nitakuandikia Ilula–Kyela kwa wino mwekundu. Friwili naifuata wiki hii. Swali la mwisho, hema. Nibebe au nitegemee gesti?

Tingo Mstaafu

Barabara kuu gesti zimejaa, hema la nini.

Binti Njombe

Makambako, Njombe, Tandala, Makete mjini, zote gesti zipo. Pa kufikiria ni kati ya Makete na Isyonje tu, na hapo pia sikushauri ulale porini, baridi yake si ya hema la mtumba. Giza likikukaribia ingia kijijini mapema, uliza nyumba ya mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, toa kitambulisho cha NIDA, sema unakotoka na unakokwenda. Mgeni aliyejitambulisha analala darasani au misheni na anapewa viazi. Mgeni aliyekutwa amejificha kwenye miti na tochi anaulizwa maswali na kijiji kizima, na kwa kweli hata mimi ningeuliza.

Simu ya jioni: mwambie shemeji kwamba siku ya Kitulo utapiga asubuhi ukitoka Makete na utapiga tena ukishatokea Isyonje, katikati asisubiri. Ramani ipakue ukiwa Njombe. Usiku ingia na simu kitandani, baridi inamaliza chaji.

Chapa Lapa

Haya nimesoma uzi wote. Swali moja kwa Fundi Gololi: hiyo friwili ya 34 inaingia kwenye Phoenix ya marehemu babu?

Fundi Gololi

Phoenix ya gia moja haiingii, haina hata mkono wa gia. Ila tuma picha ya gurudumu la nyuma nione habu.