Je, tofauti ya HD (picha ya ubora wa juu) na SD (picha ya kawaida) inaonekana kweli kwa macho?

Mkazi wa Uyole aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi uliopita nilistaafisha runinga yangu ya chogo ya inchi 21, ambayo tulikuwa nayo tangu kabla mitambo ya analojia haijazimwa hapa Mbeya mwaka 2013, nikanunua ya bapa ya inchi 43 katika duka moja la Mwanjelwa. Muuzaji aliniapia kwamba nikitazama mpira nitahesabu hata majani ya uwanjani. Nilichokikuta sebuleni ni kinyume chake: nyuso zina ukungu, watangazaji wamenenepa ghafla, na yale maandishi yanayopita chini ya kioo yana kingo zenye meno. Mke wangu anasema bila kumung'unya maneno kwamba chogo lilikuwa linaonyesha vizuri zaidi. King'amuzi ni kilekile, ambacho kina uwezo wa HD, kifurushi chenye chaneli za HD nimekilipia, na tunakaa kama mita mbili na nusu kutoka kwenye runinga. Je, tofauti ipo kweli, au tumeuziwa jina?

Mama wa Kihesa alijibu:

Pole, ndugu yangu. Mimi niko Iringa, na kwa maoni yangu umeuziwa jina. Runinga yangu ni ya inchi 32 na makochi yapo upande wa pili wa sebule, mita nne kamili. Nilimwomba mwanangu awe ananiwekea mechi moja, mara kwenye chaneli ya HD, mara kwenye ya kawaida, bila kuniambia ipi ni ipi, nami nikakosea mara tatu kati ya tano. Tangu siku hiyo nimerudi kwenye kifurushi cha bei ya chini na sijajuta.

Fundi wa Mafinga alijibu:

Shikamoo mama, nawe mkuu wa Uyole habari za huko. Nyote wawili mmesema mlichokiona, ila sababu zenu hazifanani.

Nianze na mkuu. Tafadhali chungulia nyuma ya king'amuzi chako. Ikiwa kimeungwa kwa waya wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, basi kile cha njano ndicho kinachobeba picha, na hakina uwezo wa kupitisha HD hata ukilipia kifurushi cha juu kuliko vyote. Nakutana na jambo hili karibu kila nyumba ninayoingia, kwa sababu watu hubadilisha runinga na kuuacha waya uleule uliotumika kwenye chogo. Nunua waya wa HDMI, ambao ndio unaopitisha picha ya HD, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uangalie picha inatolewa kwa kiwango gani. Ukikuta 576, yaani mistari ya picha kutoka juu hadi chini, panda hadi 1080. Hao watangazaji walionenepa ni picha ya umbo la 4:3, lile la chogo linalokaribia mraba, iliyovutwa ijaze kioo kipana cha 16:9, nayo hurekebishwa kwa rimoti tu.

Sasa hesabu yenyewe. Picha ya kawaida tuliyoizoea huku, yaani SD, ina nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) 720 kwa 576, na ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani mara 5 kamili. Runinga yako mpya ikipewa picha ya SD inalazimika kubuni nukta zinazopungua, na huo ubunifu ndio unaouona kama ukungu. Chogo la inchi 21 halikuwa na kazi hiyo: kioo chake kilikuwa kidogo, na picha ilikuja kwa kiasi kilekile ilichotengenezewa. Kwa hiyo shemeji hakukosea hata kidogo.

Na mama pia hakukosea. Jicho zima lina mpaka wake wa kutenganisha vitu vidogo, na kwa kioo cha inchi 32 mpaka huo, kwa picha ya SD, unafika kwenye mita 2.4 hivi. Ukikaa mbali zaidi ya hapo, nukta za ziada zipo lakini jicho halizipati. Kwa inchi 43 ni kama mita 3.2, na kwa inchi 55 ni kama mita 4. Ndiyo maana kwenye kibanda umiza, ambako watu wa mbele wamekaribia kugusa kioo kikubwa, hakuna anayebishana juu ya HD.

Mwalimu wa Tukuyu alijibu:

Naongeza moja, fundi, kwa sababu idadi ya nukta si kila kitu. Chaneli ya HD iliyobanwa mno ili itoshe kwenye mkondo mmoja wa matangazo pamoja na chaneli nyingine nyingi huvunjika vijisanduku pindi mpira unapokimbia, na hapo DVD nzuri, ambayo ni SD, huishinda. Tena asijidanganye mtu kwamba HD itamwokoa na mvua; kwetu huku wingu likikaa juu ya dishi, zote mbili zinaganda.

Mkazi wa Uyole alirudi:

Fundi, waya ulikuwa wa njano kama ulivyosema, na hata baada ya kuweka HDMI nilikuta king'amuzi kimesimama kwenye 576. Jana tulitazama mechi ya timu yetu ya Prisons, na kamera ilipokuwa mbali nilisoma namba mgongoni mwa beki wa upande wa pili, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kwenye taarifa ya habari tofauti ni ndogo, isipokuwa yale maandishi ya chini, ambayo sasa yamenyooka. Malalamiko mapya ya mke wangu ni kwamba anaona poda yote usoni mwa mtangazaji. Mama wa Kihesa, hebu sogea karibu ujaribu tena.

Mama wa Kihesa alijibu:

Nimejaribu, mwanangu. Nilihamisha kochi hadi mita moja na nusu, na safari hii nikapatia zote tano. Tatizo ni kwamba kochi limeziba mlango wa jikoni, kwa hiyo nimelirudisha.