Nyanya za kienyeji za Lushoto, naweza kuziotesha kwa mbegu hapa Dar?

Mama Tunu wa Kimara
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mama kashuka kutoka Lushoto kaniletea zile nyanya za zamani, kubwa zenye mikunjo, ngozi laini ukiibana inapasuka, ina maji na kauchachu ambako hizi ngumu za sokoni hazina kabisa. Anasema mbegu hawanunui, wanatunza wenyewe tangu enzi za bibi. Nimebakiza chache zimeiva sana. Je nakamua mbegu naanika tu au kuna utaratibu? Na kwa joto hili zitazaa kweli? Nina ndoo za lita 20 na kaeneo nyuma ya nyumba. Naogopa kuzipoteza maana hii dukani huipati.

Shamba Mjini
Dada hongera sana, hiyo ni mali. Mbegu za nyanya za F1, yaani chotara, kama Anna zinaota tu ila zinakuja mchanganyiko, huyu hivi yule vile, lakini hizo za mama zinarudia vilevile, ni kama Cal J au Money Maker ambazo sio chotara, unatunza mwenyewe miaka na miaka.

Sasa usianike na ule ute wake, ute ndo unazuia mbegu kuota. Kata nyanya kwa upana, kamua kwenye glasi, funika na kitambaa uweke kivulini, kwa joto la Dar siku 2 au 3 zinatosha, unakoroga kila siku. Itanuka na juu itaweka utando mweupe, usishtuke ndo inavyotakiwa, ila ukiacha sana zinaanza kuota humohumo. Ukiona ute umeachia ongeza maji, nzima zinazama, mapepe yanaelea unamwaga, suuza kwenye chujio la chai halafu anika kivulini kwenye sahani, sio kwenye tishu maana zinagandia huzitoi tena. Zikikauka kabisa weka kwenye bahasha, andika mwaka, zitakaa hata miaka 4. Na usisie zote, nusu ibaki ndani!

Babu Bustani
Mwanangu, hapo kwenye joto ndo pa kuangalia. Lushoto iko juu, kama mita 1,400, usiku kuna baridi. Huku pwani miezi ya joto mche unanawiri vizuri, unatoa maua, yote yanapukutika kwa sababu usiku haupoi na chavua, ule unga wa ua, inakufa. Sia mwishoni mwa mwezi wa 4, kitalu kiwe chini ya paa mvua za masika zisikipige, maua yakukute mwezi wa 6 na wa 7 kumepoa. Mche ukiwa na majani kama matano hamisha jioni, fukia shina mpaka karibu na majani ya chini maana linatoa mizizi. Hizo za zamani zinarefuka, chomeka mti mapema. Maji mwagia chini, majani yakilowa unaita bakajani, ule ugonjwa wa madoa unaokausha majani.

Mama Tunu wa Kimara
Shikamoo babu, asanteni mno. Basi mbegu natoa leo leo, kusia nasubiri mwezi wa 4. Ila nina Cal J kwenye ndoo za jirani na hapo, hazitachanganyika?

Shamba Mjini
Mara nyingi ua la nyanya linajichavusha lenyewe, ila hizi kubwa za zamani kuna ambazo kile kijiti cha katikati kinachomoza nje ya ua na nyuki anaweza akaleta chavua za Cal J. We chukua kipande cha chandarua chakavu, shona kamfuko, vika kichala kimoja kabla maua hayajafunguka, kila asubuhi kitingishe kidogo. Vitunda vikishika vua mfuko, funga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili mtu asije akachuma za mbegu akaweka kwenye kachumbari. Na chagua mche wenye afya na matunda yanayofanana na ya mama, sio ule uliowahi tu kuiva.

Babu Bustani
Marahaba mwanangu. Na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ukiona ameanza kuchora majani, chuma hayo majani ukayachome siku hiyohiyo. Ukiwa na mbegu za ziada mwakani nitaomba kidogo, nami nijaribu huku Kibaha.