Mjadala: Aliyempakia majeruhi wa ajali alindwe na sheria?

Dereva wa Chalinze: Wakuu, wenye magari wengi hawasimami penye ajali, na sababu tunazijua. Hospitali unaulizwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Ukienda kituoni kuichukua, swali la kwanza: "Wewe ndiye uliyegonga?" India walipobadilisha sheria yao ya magari mwaka 2019 waliweka kifungu cha 134A. Aliyesaidia kwa nia njema hashtakiwi hata majeruhi akifia mikononi mwake. Kwa nini na sisi tusiwe nacho?

Kisiki: Huko India nasikia wanalipwa kabisa. Hapa kwetu wanaosimama wanakuja kusachi mifuko. Mmesahau Msamvu, Morogoro? Lori la mafuta limelala, watu na madumu!

Binti Mluguru: Kisiki, tafuta adabu. Msamvu tulizika watu zaidi ya mia moja, na wapo waliokuwa wanapita zao tu. Usitufanye Moro yote wezi.

Kisiki: Nimetaja madumu, sijataja kabila la mtu.

Mwanasheria wa Kijiweni: Malipo ya India ni mpango mwingine, ulianza 2021 kwa rupia 5,000. Kifungu ni kifungu. Na polisi hawamlazimishi msaidizi kutaja jina. Turudi kwenye mada.

Wa Nakuru: Jirani zetu, hii PF3 yenu ni maajabu. Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2): hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura.

Binti Mluguru: Hicho kinamlinda majeruhi, siyo aliyemleta. Halafu Sachang'wan 2009 mlikuwa mnaokoa nani pale kwenye lori la mafuta?

Wa Nakuru: Dada, umenichokoza bure. Aliyetaja mafuta ni Mtanzania mwenzako!

Sista wa Zamu: Naomba niseme kama muuguzi. Dharura haisubiri PF3. Anatibiwa, fomu inafuata.

Baba Recho: Sista, hiyo ni ya kwenye semina. Nilimpeleka kijana wa bodaboda, mguu nimeufunga kwa khanga ya mke wangu, damu imejaa siti ya nyuma. Getini: "Fomu iko wapi?" Kituoni wakalizuia gari mpaka mkaguzi aje. Nimerudi nyumbani kwa daladala, nanuka damu, konda ananiangalia kama muuaji.

Sista wa Zamu: Pole kaka. Ila khanga uliifunga penye jeraha lenyewe au juu zaidi yake? Na mlimwingizaje garini? Maana mnawashika miguu na mikono kama gunia, tunapokea watu uti wa mgongo umeshaharibika. Sheria isije ikalinda na ubabaishaji.

Baba Recho: Kwa hiyo sasa mkosaji ni mimi?

Msukuma wa Hamburg: Ujerumani hupati leseni bila kozi ya huduma ya kwanza. Na ukimpita majeruhi bila kusaidia ni jinai, hadi mwaka mmoja jela.

Dereva wa Chalinze: Huko unapiga simu ambulensi inakuja. Hapa namba 115 ni ya wajawazito na vichanga. Mtu anavuja damu Mdaula saa nane usiku, nimsubirie nani? Sista, afadhali abebwe vibaya kuliko kupigwa picha vizuri.

Kisiki: Sawa, mlindeni. Lakini mkoba wa marehemu anabaki nao nani? Hilo hamjibu.

Binti Mluguru: Bado uko kwenye mikoba tu!

Mzee wa Gairo: Mwanangu Binti, mwache, hapo kauliza la maana. Sisi huku ajali tumezizoea. Mfuko unafunguliwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na watu wawili, simu na fedha zinaandikwa kwenye daftari, wote wanatia saini. Polisi akifika anakabidhiwa, naye anasaini.

Kisiki: Na polisi akigoma kusaini, mzee?

Mzee wa Gairo: Hapakabidhiwi kitu.