Mara ya kwanza klabu kubwa ya usiku: nitarajie nini?

MgeniWaUsiku

Wakuu, habari za humu. Baa ndogo na kumbi za harusi nazijua, ila klabu kubwa ya jiji, ile yenye kumbi tatu na watu elfu na zaidi, ni mgeni kabisa. Tunakwenda sita, Jumamosi. Mlangoni wanaangalia nini hasa? Tufike saa ngapi? Na ndani mtu asimame wapi asikie muziki vizuri bila kutoka na masikio yanayopiga filimbi?

KomeoLaMlango

Karibu, mkuu. Baunsa ana sekunde kama kumi tu za kukuangalia, na anaanza na macho na mwendo wako. Aliyekuja amelewa tayari anarudishwa kwa sababu akianguka ndani ni mzigo wa klabu, na baa wala haitaruhusiwa kumuuzia. Ugomvi hapo haujawahi kumpitisha mtu. Ukiambiwa hapana, ondoka, kwa maana redio zao zinaongea na mlango wa pili pia.

Watu sita kwa pamoja, hasa kama wote ni wanaume, ni kundi linalotiliwa shaka. Pangeni foleni wawili wawili, mwenye sauti kubwa awe wa mwisho. Kila mtu abebe kitambulisho halisi, kwani picha ya kwenye simu hukataliwa sehemu nyingi, hata kwa mwenye mvi. Viatu vya wazi viacheni nyumbani. Sheria ya mavazi ni sababu moja, ila sababu kubwa zaidi ni vipande vya glasi sakafuni. Dawa ya daktari ikae kwenye pakiti yake yenye jina lako, maana vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya nailoni vitakuletea maswali.

Kuhusu saa: milango ikifunguliwa saa nne usiku, ukumbi hujaa kati ya saa sita na saa nane, na DJ mkuu haanzi kabla ya hapo. Fikeni ndani ya saa moja ya kwanza. Foleni ni fupi, mnapata nafasi ya kuzunguka kumbi zote mkiwa mnaonana, na mnajua vyoo viko wapi kabla havijajaa. Msishangae ukumbi ukiwa mtupu na muziki umepoa. DJ wa mwanzo amelipwa kupandisha joto pole pole, akiwasha moto mapema anamharibia anayefuata.

Ulizeni pia kama ukitoka unaruhusiwa kurudi. Klabu nyingi haziruhusu, na muhuri wa mkononi hufutika kwa jasho.

FundiMawimbi

Nijibu la muziki, maana hapo ndipo wageni hukosea kwa kudhani karibu na spika ndiko kutamu.

Besi si kama sauti nyingine. Wimbi la hertz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo halisikiki sawa kila mahali. Ukijibanza ukutani au konani, besi inajirundika na kufunika sauti ya mwimbaji. Ukisogea kiasi cha mita 1.7 kutoka ukuta wa nyuma, besi hiyo hiyo karibu inapotea, kwa kuwa wimbi linalokuja na linalorudi yanafutana. Hatua mbili tu na utadhani umebadilisha ukumbi. Ndiyo maana wawili waliosimama ukumbi mmoja wanaweza kubishana kesho yake kama mitambo ilikuwa mizuri au mibovu, na wote wakawa wakweli.

Spika za besi zikiwa zimewekwa kulia na kushoto mwa jukwaa, kuna ukanda katikati ya ukumbi, kutoka kwa DJ hadi nyuma, ambapo besi za pande zote mbili zinafika kwa wakati mmoja. Simama kwenye ukanda huo, theluthi mbili ya safari kwenda nyuma. Kama kuna meza ya fundi sauti, simama mbele yake tu: yeye anapima kwa masikio yake, na anaposimama ndipo pamerekebishwa vizuri kuliko pote. Kutetemeka kifuani na kwenye suruali ni kawaida, usidhani moyo una tatizo. Klabu ya fabric ya London ilifika hatua ya kufunga mitambo ya kutetemesha chini ya sakafu yenyewe, ili besi ipandie miguuni.

Jambo jingine: miili ya watu hunyonya sauti nyembamba. Ukumbi ukiwa mtupu matoazi yanachoma masikio. Ukijaa, sauti inakuwa nzito na laini. Usiihukumu mitambo mapema.

Sasa masikio. Hesabu inayotumika makazini ni hii: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 ni salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo kwa kumbi za muziki, na karibu na spika unaweza kukivuka kirahisi. Vaa vizibo vya masikio kuanzia mlangoni. Ukisubiri mpaka filimbi ianze, seli za ndani ya sikio zimeshachoka.

MgeniWaUsiku

Mkuu Fundi, asante sana. Ila vizibo si vitaua muziki wote? Nimesikia mtu anabaki kusikia dum dum tu. Na mmoja wetu ana kifafa, taa za kumetameta zitamsumbua?

FundiMawimbi

Vya sponji, ndiyo, vinakata sauti nyembamba kuliko nene, ndiyo hiyo dum dum. Tafuta vile vya mpira laini vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 karibu sawasawa kwa sauti zote. Ukipunguza 15 kwenye 100 umerudi kwenye 85. Na maneno ya mwenzako utayasikia vizuri zaidi ya asiyevaa.

Ukikosa, chukua vya sponji lakini uviweke ipasavyo. Kisokote kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie sekunde 30 kitanuke. Kinachoning'inia nje ya sikio hakizuii kitu. Tishu na pamba vilevile.

MkobaMwekundu

La kifafa nalichukua mimi. Aanze kwa kumuuliza daktari wake, maana si kila mwenye kifafa huathiriwa na mwanga. Wanaoathiriwa ni wachache. Kwa hao wachache, hatari kubwa iko kwenye mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde. Taa ikianza ghafla, kufumba macho hakutoshi, mwanga hupenya kope. Afunike jicho moja lote kwa kiganja, ageuze uso, atoke. Kukosa usingizi na pombe vinashusha kinga yake, hivyo hata taa aliyoizoea inaweza kumwangusha saa tisa usiku.

Pombe kwa ujumla: bia moja ya mililita 330 yenye asilimia 5 ina gramu 13 za pombe, na mwili huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Mbili ndani ya saa moja ni deni. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havilipi deni hilo, vinakuficha tu kwamba umelewa. Anayecheza hutoa joto la wati 300 na zaidi, zidisha kwa watu elfu ujue kwa nini kuta zinatoa jasho. Kunywa maji kidogo kidogo, msimimine lita mbili kwa mkupuo. Glasi uliyoiacha mezani ukaenda kucheza imekwisha, agiza nyingine.

Na kabla hamjaanza kula bata, tafuteni milango miwili ya kutokea ambayo si ile mliyoingilia. Klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, iliungua mwaka 2003 na watu 100 walikufa. Wengi walirundikana kwenye mlango ule ule walioingilia, ingawa kulikuwa na mingine. Klabu ya Kiss, huko Santa Maria, Brazili, mwaka 2013, walikufa 242. Kote kuwili moto ulianzia kwenye fataki zilizowashwa ndani ukashika sponji ya kuzuia sauti. Ukiona cheche zinarushwa chini ya dari fupi, usitoe simu kurekodi. Toka.

Msongamano nao una dalili yake: ukishindwa kuinua mikono hadi usoni, umechelewa kidogo. Weka mikono mbele ya kifua, usishindane na wimbi la watu, likitulia songa kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache.

KauntaYaPembeni

Naongezea mawili. Baa: nenda ncha ya kaunta, katikati ndiko kila mtu anakokwenda. Agizo la wote sita liwe tayari kichwani, likatamkwa mara moja. Kupunga noti hewani hakuharakishi kitu, mhudumu anakumbuka nani alifika kwanza.

Makoti: ile tiketi yenye namba ipige picha mara tu unapopewa, kwa kuwa karatasi hulowa jasho mfukoni. Mkiachana, mtandao utakuwa umeelemewa, kwa hiyo kubalianeni mapema mahali na saa ya kukutana. Ujumbe mfupi wa kawaida hupita hata pale ambapo simu na intaneti zimegoma. Na makoti yachukueni dakika 20 kabla ya muziki kuzimwa. Taa zikishawashwa, hiyo foleni ni ndefu kuliko ya kuingilia.