Wageni wamefuta safari ya Kolo kwa kuogopa ugonjwa wa Marburg. Ningewajibuje?

VumbiLaDom ameandika:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na mwenye hasira kama zangu naye anakaribishwa.

Mimi ni dereva na muongoza wageni hapa Dodoma. Sina kampuni ya kutisha, nina Land Cruiser moja kuukuu na simu mbili. Wageni wangu ni wale wachache ambao wameshaona Serengeti na Zanzibar, halafu mtu akawanong'oneza kwamba hata katikati ya nchi kuna kitu. Nawapeleka Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tukirudi tunapita Hombolo kwenye mashamba ya zabibu. Usiku mmoja wanalala kijijini kwa mama mmoja ambaye ugali wake wa uwele na mlenda ulishamfanya Mswisi aombe kuongezewa.

Pasaka hii nilikuwa na familia ya Kijerumani kutoka Kassel: baba, mama, watoto wawili na bibi yao wa miaka 74. Tunaandikiana tangu Oktoba. Bibi magoti yake mabovu, wakauliza kama kijijini kuna choo cha kukaa. Hakikuwepo. Nikanunua. Nilikitoa Majengo nikakifunga juu ya keria kwa kamba za mpira, na kila tuta la barabara nilikuwa nasimamisha moyo, maana ni kauri na njia ni zaidi ya kilomita 150. Fundi akakisimika kwa saruji. Mama mwenyeji akakifunika kwa khanga mpya, asije mtu akakifungua kabla ya mgeni.

Januari ikatangazwa Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, Biharamulo, mkoani Kagera. Siku ya tatu barua pepe ikaingia: wana wasiwasi na "hali ya Afrika". Nikachukua ramani, nikapiga mstari kutoka Biharamulo mpaka Dodoma, ni zaidi ya kilomita 600 hata kwa mstari ulionyooka. Nikawatumia. Kimya. Machi 13 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha, nikawatumia na hiyo. Wakajibu kwa adabu mno, wakanishukuru kwa uvumilivu wangu, na kwamba Pasaka watakuwa Ureno.

Sasa swali: mgeni wa namna hii anajibiwaje? Ramani si jibu? Nishushe bei? Au hawa ndio vile tena, Afrika kwao ni kijiji kimoja, akikohoa mtu Conakry sisi Dodoma tunafungiwa milango?

Kuna jambo jingine naliweka hapa kwa aibu. Nikiwa bado na hasira hizo nilimwambia mke wangu, basi pesa ya mafuta ipo, likizo ya Juni twende sisi wenyewe mahali, twende Sumbawanga tukaone maporomoko ya Kalambo. Akaacha kuchambua mchele. "Sumbawanga? Wewe si unapenda kubishana na watu? Utatumiwa radi." Nikacheka. Lakini wakuu, sikumbishia. Nilinyamaza nikaanza kuulizia bei za Bagamoyo.

Kifimbo amejibu:

Wazungu ni wabaguzi, habari imeisha. Tafuta wageni wa ndani, treni ya umeme inashusha watu kila siku hapo Dodoma.

VumbiLaDom amejibu:

@Kifimbo wageni wa ndani nimewajaribu ndugu yangu. Wa Dar es Salaam ukiwaambia njooni Dodoma mtalii, la kwanza wanauliza, "Kutalii nini, Bunge?" La pili ni utani wa ombaomba, kana kwamba kila Mgogo kazaliwa na kopo mkononi. Mmoja nilimwambia Kolo mpaka leo watu wanatambikia kwenye yale mapango, nikidhani namvutia. Akaghairi hapohapo, na mchungaji wake akanipigia simu.

MstaafuWaNjia amejibu:

Pole mdogo wangu. Nimeongoza wageni Arusha miaka 22 kabla ya kuhamia huku kwetu Kondoa kulima alizeti, kwa hiyo nikuambie ninachokijua.

Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Sisi Arusha tulikuwa hatuna hata mgonjwa mmoja, lakini simu zilikuwa za kufuta tu. Nami nilituma ramani kama wewe. Niliwaambia wageni wa Hispania: Freetown ya Sierra Leone iko karibu zaidi na Madrid kuliko ilivyo na Serengeti, na ni kweli, pima utaona. Unajua mmoja alinijibu nini? "Asante, sasa naogopa hata hapa." Ramani inamshinda mtu, haimtulizi. Na mtu uliyemshinda kwa hoja hapandi ndege kuja kukuona.

Nilichojifunza ni kuuliza: nani hapo nyumbani anaogopa? Mara nyingi siye anayeandika barua pepe. Baba ndiye anaandika, ila anayekosa usingizi ni mama mkwe, au ni mke mwenye mtoto wa pumu. Wewe umekuwa ukimjibu mtu asiye na swali. Omba kuongea na huyo mwenye hofu, kwa simu, sura kwa sura. Akuone una kitambi na watoto wanapita nyuma wakipiga kelele.

Jambo la pili, tenganisha hofu na bima. Nchi kama Uingereza ikiandika kwamba watu wake wasiende mahali fulani, bima ya safari ya mtu huyo inaweza isilipe kitu akienda. Mfano ni ukanda wetu wa mpaka na Cabo Delgado ya Msumbiji, kule Mtwara: Waingereza wamekuwa wakiwaonya watu wao wasisogee kilomita 20 za mpaka bila shughuli ya lazima. Mgeni akikwambia haji huko, hajakubagua, kaangalia karatasi yake. Akikwambia haji Kolo kwa sababu ya Mtwara, hapo sasa mna mazungumzo.

Bei usishushe. Ukishusha bei wakati mtu anaogopa, anasikia "kumbe kweli kuna kitu".

NesiWaManyoni amejibu:

Kaka Vumbi, umesema wageni wanatoka Kassel? Nimecheka mpaka wagonjwa wameniangalia.

Marburg ni mji wa Ujerumani! Uko jimbo la Hesse, na Kassel iko Hesse hiyohiyo, hazifiki kilomita 100 kati yao kwenye ramani. Ugonjwa ulipata jina hilo 1967, wafanyakazi wa maabara pale walipoambukizwa na tumbili wa utafiti waliosafirishwa kutoka Uganda. Frankfurt nako waliugua, na Belgrade. Lakini sijasikia mtu anayefuta safari ya Ujerumani kwa sababu ya jina la Marburg.

Ila nakuomba usiwatumie hiyo kama kijembe. Nami nilishakuwa upande wa mwenye hofu.

Nilikuwa nasoma uuguzi India, si Bengaluru, mji mwingine, mwaka ule wa 2016. Mwishoni mwa Januari, Bengaluru, gari lililoendeshwa na Msudani liligonga na kuua mwanamke. Baadaye gari la wanafunzi wengine likapita hapo, ndani yake dada yetu Mtanzania. Hawakuhusika na ajali. Umati ukawashambulia, dada akapigwa, gari likachomwa. Kosa lake lilikuwa rangi. Kwa wale watu, Msudani na Mtanzania ni mtu mmoja.

Sisi kwenye hosteli tulikuwa wasichana wanne wa Kitanzania. Tulikuwa tumeshalipia basi la kwenda Goa wiki ya likizo. Hatukwenda. Hatukujadili hata, kila mtu alikunja nguo zake akazirudisha kabatini. Wiki ile tulikuwa tunakwenda sokoni wote wanne kwa pamoja kununua nyanya za siku mbili. Sasa mtu angekuja na ramani kunionyesha umbali wa Goa na Bengaluru, ningemuona mwehu.

Lakini subiri. Mama yangu Manyoni naye akaanza. Jirani yetu alikuwa anapelekwa India kupasuliwa moyo, mama akamwambia asiende, Wahindi wanaua. Wote, watu zaidi ya bilioni. Nilimpigia kumwambia mama, hapana, hata hapa mwenye hosteli ni Mhindi na usiku huu kalala kwenye kiti getini kwa ajili yetu. Akasema, "Huyo mmoja." Jirani alikwenda, akapona, anauza nyama choma mpaka leo. Mama hajafuta kauli.

Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na tukio nyuma yake, mtu kama mimi alipigwa. Ya mama ilianzia hapohapo ikakimbia na nchi nzima. Ukiongea na huyo bibi wa Kassel sikiliza kwanza yake ni ipi.

MfipaHalisi amejibu:

Nimesoma yote kimya, nikawa nasubiri mtu aseme kuhusu Sumbawanga. Hakuna. Mmewatetea Waafrika, mmewatetea Wahindi, mmemsamehe Mjerumani. Mfipa aendelee kutuma radi.

Bwana Vumbi, mimi nimezaliwa hapa, nimebishana na watu wa hapa miaka 41, wakiwemo shemeji zangu ambao wangekuwa na radi wangeshaitumia. Tuko juu ya uwanda wa Ufipa, mvua za masika zina ngurumo kweli, na mti mmoja mrefu uwanjani ukipigwa mnasema uchawi. Mkipigwa nyie mnasema hali ya hewa.

Kalambo maji yanaanguka zaidi ya mita 200, ng'ambo ni Zambia. Mwaka jana niliwapeleka wageni wawili wa kutoka Dodoma, watumishi, wamekuja kwa semina. Njia nzima mmoja hakuongea nami neno la ukali. Hata nilipokosea njia alisema "hakuna shida mzee". Nikadhani ana malezi mazuri, kumbe ananiogopa. Nilijua tulipofika, mwenzake aliponiuliza kwa sauti ya chini kama ni salama kunipa hela mkononi au aiweke chini kwanza.

Ile ilinikaa. Bora angenitukana.

VumbiLaDom amejibu:

@MfipaHalisi mzee shikamoo, na samahani. Sina la kujitetea. Ningekuwa mimi kwenye gari lako huenda ningeiweka chini.

Kifimbo amejibu:

Mimi ningeomba nilipe kwa simu 😂 Samahani mzee.

VumbiLaDom amejibu (siku 9 baadaye):

Wakuu narudi na majibu.

Nilifuata ya MstaafuWaNjia. Nikamuandikia yule baba: sikushawishi, nauliza tu, nani nyumbani alikuwa na wasiwasi? Nilidhani bibi. Kumbe bibi alikuwa tayari kuja tangu mwanzo, alikuwa ameshachanja homa ya manjano na kununua kofia. Mwenye hofu alikuwa baba mwenyewe, huyuhuyu anayeandika. Mfanyakazi mwenzake alimuuliza kazini, mbele ya watu, "Unawapeleka watoto huko?" Basi. Si Marburg, si kilomita. Alijiona baba mbaya.

Tuliongea kwa simu Jumapili. Nilikuwa kijijini kwa yule mama. Mtandao unakatika kila dakika tatu, watoto wa jirani wamejazana kwenye kioo. Sikutaja ramani wala jina la Marburg, dada Nesi nilikukumbuka nikauma ulimi. Baba alikuwa mgumu mgumu. Ndipo bibi akamsogeza kwa kiwiko, akaingia kwenye kioo mzima, nywele nyeupe, akauliza kitu kimoja. Mjukuu akatafsiri kwa Kiingereza: choo bado kipo?

Nikasimama nikakimbia na simu. Mama mwenyeji akanitangulia, akaifunua ile khanga kama anafunua kigoda cha mtemi. Bibi akapiga makofi. Mama akapiga vigelegele, hajui hata wanachosema. Baba alicheka kwa mara ya kwanza.

Hawajalipa kitu, nisiwadanganye. Ureno wanakwenda, tiketi hazirudishwi. Wamesema watatazama likizo yao ya Oktoba. Oktoba kwetu jua linaua lakini sikusema. Choo kimerudishiwa khanga yake.

Na @MfipaHalisi, nilimsomea mke wangu ujumbe wako wote, mpaka pale pa kuweka hela chini. Alinyamaza sana. Jana usiku taa zimeshazimwa akanigusa bega: "Muulize huyo mzee wako, Juni huko mvua zinakuwa zimekwisha?"

MfipaHalisi amejibu:

Mwambie shemeji Juni hakuna mvua wala wingu. Aje na koti tu, baridi ya huku si ya mchezo.