MREJESHO: Maji machafu ya kiwanda cha maziwa, pH imekaa sawa ila mafuta bado

Wakuu habari, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza tufanyeje baada ya mamlaka ya maji taka kutuandikia kwamba maji yanayotoka kiwandani kwetu kuingia kwenye bomba lao yana pH 11 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, 7 ndo katikati, juu ya hapo ni alkali) na mafuta kibao, wakatishia kufuta kibali. Asanteni sana, hasa mliosema tusithubutu kuyachanganya na maji safi ili vipimo vishuke, maana nilishaanza kuliwaza hilo na kumbe kwenye kibali chetu limekatazwa wazi.

Tumejenga lile tenki la kusawazisha mlilotushauri, maji ya kostiki (alkali kali) na yale ya asidi ya kuoshea mitambo yanakutana humo yanakaa siku nzima yanauana makali yenyewe, tunarekebisha kidogo tu ndo tunafungulia. Sasa pH inasoma 8, sampuli mbili mfululizo zimepita!

Mafuta ndo bado. Mtego wa kunasa mafuta tuliweka lakini maji yakija ya moto mafuta yanayeyuka yanapita nayo, jana nimefunua chemba ya nje nikakuta utando mweupe mzito umeganda ukutani. Huo mtego tunauhamishia baada ya tenki, maji yakishapoa. Mamlaka wametuongezea muda. Mungu awabariki.