Usaili wa darasa la kwanza katika shule binafsi: tunampima nani?

Mjumbe wa Bodi (Morogoro)
Ndugu wanajukwaa, niko kwenye bodi ya shule ya msingi ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Katika usaili wa mwaka huu mtoto alioneshwa picha ya ndoo, akajibu "ndoo" bila kusita, akaandikiwa sifuri kwa sababu hakuitaja kwa Kiingereza. Bodi imekubali kutenga nafasi chache za ufadhili kwa watoto wa kaya zisizo na uwezo, lakini hatujaafikiana namna ya kuwapata bila nafasi hizo kuishia kwa jamaa na marafiki zetu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mjumbe, usaili huo unapima kama mzazi alimudu chekechea ya Kiingereza, basi. India, kwa Sheria ya Haki ya Elimu ya mwaka 2009, ilizitaka shule binafsi kutenga angalau asilimia 25 ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa makundi yaliyo nyuma na kaya maskini za jirani, ikapiga marufuku kuwachuja watoto au wazazi kwa usaili, na waombaji wakizidi nafasi hupigwa kura ya bahati nasibu. Shule zilikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaiacha sheria isimame, isipokuwa kwa shule za jamii za walio wachache zisizopokea ruzuku. Pigeni kura hadharani, mbele ya wazazi. Kura haisomi vimemo.

Mhasibu wa Shule
Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana na kura, ila tukumbuke kwamba kule serikali huirejeshea shule gharama hadi kiwango inachotumia kwa mtoto wa shule ya umma, na hata hivyo malalamiko ya malipo kuchelewa hayaishi. Kwetu ufadhili utatoka katika ada za wazazi wengine, kwa hiyo chukueni idadi mtakayoweza kuibeba hadi wamalize shule ya msingi. Tena msihesabu ada peke yake: kuna basi, chakula, sare, sweta na mahafali. Nimeona mtoto aliyesamehewa ada akiitwa jina mstarini, mbele ya wenzake, kwa deni la basi. Orodha ya wafadhiliwa ibaki kwa mwalimu mkuu na mhasibu tu.

Mama Mlezi
Naomba msiwasahau watoto wenye ulemavu. Mwanangu anatumia kiti mwendo, na shule moja ilinijibu kwamba miundombinu yake hairuhusu, ilhali kikwazo kilikuwa darasa la kwanza kuwa ghorofani, huku chumba cha chini kikitumika kama stoo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa aina hii, lakini mzazi anayeomba nafasi hana ubavu wa kuitaja.

Mjumbe wa Bodi (Morogoro)
Nashukuru sana. Je, nani athibitishe kwamba kaya haina uwezo?

Mwalimu Mstaafu
Anzeni na kaya zilizo katika mpango wa TASAF, yaani mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, kisha ongezeni zile zenye barua ya serikali ya mtaa, kwa kuwa wapo wengi waliokosa kuandikishwa. Barua hizo nazo hupatikana kwa kujuana, hivyo mjumbe mmoja wa bodi na mwalimu mmoja waitembelee kila kaya kabla ya kura. Fomu za nafasi hizo zitolewe bure, kwa Kiswahili, na tangazo libandikwe zahanati, sokoni, msikitini na kanisani.